Ngozi ya Tano

Huku kwetu chifu hakalishwi kitini.
Hukalishwa juu ya ngozi,
na ya baba ilitandikwa juu ya nne za waliomtangulia;
ya chini kabisa imeliwa na mchwa, haina hata nyoya,
wala hakuna athubutuye kuiondoa.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa posta, Tamale.
Miaka ishirini na sita, dirisha la tatu,
mizani ya shaba, sifongo yenye maji,
kalamu iliyofungwa kamba wateja wasiondoke nayo.
Alijua uzito wa barua kwa kuishika tu.
"Hii ina picha ndani. Ongeza stempu."

Neindow Wumbei, ndilo jina la kwenye risiti.
Ndugu wa lango la pili walicheka:
mlamba stempu atapandaje farasi?
Na kweli, farasi alimwangusha siku ile ile,
mbele ya wapiga ngoma na mkuu wa wilaya.
Akainuka, akapangusa joho,
akauliza kwa sauti ya dirishani: "Anayefuata?"

Ngozi ivute ingali maji.
Yake ilivutwa imekwisha kukauka,
ana miaka hamsini na minne, goti la kushoto bovu.
Ikavutika. Usiku tulikuwa tukiisikia.

Jumatatu na Ijumaa wapiga ngoma walikuja alfajiri
kumtajia babu zake hadi wa kumi na moja.
Jumanne alilipa deni la kola alizowagawia.
Sijui watu wanadhani uchifu ni nini.
Mimi niliuona: ni mgeni asiyekwisha,
ni mama kuuza siagi ya shea
ili chifu aonekane mkarimu.

Kisha ile saini.
Kampuni ya mchanga, malori saba, ahadi ya zahanati.
Aliisoma karatasi mara nne
na bado akatia saini.
Zahanati ikaishia kwenye lenta. Mto ukawa mashimo.
Mwezi wa nane mtoto wa Lamisi akatumbukia humo
akifukuza kanga.

Chifu haendi kuomba radhi; chifu huendewa.
Baba alikwenda kwa miguu, adhuhuri, bila kofia,
akaketi mlangoni pa Lamisi
juu ya udongo mtupu.
Wazee wakamtoza kondoo wawili kwa kuuaibisha uchifu.
Alilipa. Lamisi hakutoka.
Alirudi kesho yake. Na keshokutwa.

Hatusemi chifu amekufa. Tunasema kuna baridi.
Kaka amevaa joho la baba, ndani nje,
anashikilia nyumba huku malango mawili yakishtakiana
mwaka wa pili sasa.
Mizani ya shaba ninapimia pilipili.

Siku ya saba ya matanga Lamisi alikuja na kibuyu cha uwele,
akanipa, akaondoka bila neno.
Nilikishika kama baba alivyonifundisha,
mkono wazi, macho nimefumba.
Sikuweza kusema ni kiasi gani.