Mwandiko wa Jaji

Miaka kumi na tisa nilichapa hukumu za Jaji Wilbroda Mapunda,
kwa hiyo msiniulize sura yake; niulizeni mwandiko.
Herufi fupi, zimebanana mbavu
kama ndoo kwenye foleni ya maji Tandale.
R yake ilifanana na V.
"Rufaa" niliisoma "vufaa" mwaka mzima
kabla sijathubutu kubisha hodi.

Wakati huo hakuna aliyemjua.
Jaji wa mirathi, wa mipaka ya viwanja,
wa ndugu wawili wa Mbagala wanaogombea kisima.
Mawakili walimwita Mama Saruji
tangu alipoitupa rufaa ya kibarua mmoja, Salmini Kindamba:
mifuko miwili ya saruji, miaka mitano,
na mitano ikabaki mitano.
Nilichapa kurasa zile tatu huku nikila muhogo.
Sikuwaza lolote.

Kisha yakaja majokofu.
Mia tatu, ya chanjo za watoto, yameshushwa bandarini
meupe, yanang'aa, yana stika na vitabu vya maelekezo,
ila ndani hayakuwa na mota.
Mtunza bohari akakamatwa. Dereva akakamatwa.
Aliyesaini alikuwa Dodoma, anafungua semina.

Korti ikajaa mpaka madirishani.
Pale Kivukoni, feni zinasaga joto,
pantoni likipiga honi shahidi hunyamaza,
na Jaji husubiri, kalamu hewani,
honi iishe ndipo aandike.
Sijamwona hata mara moja akiandika neno asilolisikia.

Siku ya saba Wakili wa Serikali akasema:
daftari la malipo ni siri ya nchi.
"Ya nchi," akauliza, "au ya mtu?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Liletwe Jumatatu, saa tatu."

Jumapili usiku alipigiwa simu.
Hakuniambia. Niliiona kwenye karatasi,
ukurasa wa kumi na nne, mstari wa sita:
wino umetua mahali pamoja ukavimba,
doa la ukubwa wa punje ya mtama,
halafu herufi zinarudi, kubwa, zimeachana,
kama za mtu anayeongea na kiziwi
au anayejizuia asipige kelele.
Na kila R ilikuwa R.

Daftari lilifika saa tatu na dakika hamsini.
Mengine mliyasoma: Waziri kajiuzulu, shangingi limerudishwa,
vijana wa Kinondoni wakauza fulana zenye sura yake,
jina wakalikosea, wakaandika Wilbrodi.

Mwaka uliofuata watatu walipanda Mahakama ya Rufani.
Wote yeye ndiye aliyewafundisha kazi.
Yeye akarudishiwa mirathi
na chumba cha upande wa jua la jioni.
Hakulalamika. Alinunua pazia.

Siku ya kustaafu, keki ilichorwa mizani ya sukari,
sahani moja imeinama kidogo kwa joto.
Kijana wa redio akamsogezea kinasa sauti:
"Mheshimiwa, ile kesi, ujasiri ulitoa wapi?"
Akamtazama kama mtu anayepapasa kitasa gizani.
"Ipi? Ya saruji?"
Kijana akadhani hakusikia, akauliza tena.
Akajibiwa vilevile.

Wageni walipoondoka tulishuka masjala, mimi na yeye,
viatu mkononi.
Jalada tulilipata saa kumi na mbili kasoro,
panya wamekula pembe ya kulia.
Akasoma kurasa zake tatu amesimama,
akaomba kalamu yangu (zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye boksi),
akaishika hewani
kama vile pantoni lilikuwa linapiga honi.

Jaji mstaafu haruhusiwi kuongeza hata nukta.
Alijua. Nilijua.
Akanirudishia kalamu, kifuniko chake kikiwa kimekazwa sana.

"Anwani imeandikwa wapi?"
Nikamsomea: Yombo Vituka, nyuma ya kinu.
"Kinu kipi?"
Hapakuandikwa.
Akavaa viatu.