Kinapuliza Moto

Februari, Moshi inakaanga watu wake bila mafuta.
Kibo iko pale juu na barafu yake
kama tajiri wa ukoo asiyepokea simu.
Bibi Ndeshukurwa amenipigia mara tatu:
"Fundi, hiki chombo kinapuliza moto."

Nikaenda Rau na Mbonea, mwanafunzi wangu,
yeye kabeba ngazi, mimi testa na maneno.
Njia nzima namfunda: usianze na gesi.
Fundi mwenye njaa ndiye huanza na gesi,
hufungua mtungi kabla ya kubisha hodi.
Anza na umeme. Kisha vumbi. Kisha wadudu.
Mwenye nyumba muulize mwisho,
maana atakwambia anachokiogopa, si alichokiona.

Umeme upo: mia mbili na kumi,
mchovu kidogo, ila unatembea.
Chujio tulilivua limevaa blanketi
la vumbi na majivu ya miwa inayochomwa Arusha Chini.
Mbonea akalioshea bombani, maji yakatoka
na rangi ya chai iliyolala.
Tukarudisha. Moto ule ule.

Nje, nyuma ya mgomba, kompresa inanguruma vizuri.
Ndani ya sanduku lake mjusi mkavu
kaukumbatia waya kama mdeni aliyefia dukani.
Nikamtoa kwa koleo.
Kapasita nzima. Mabomba hayavuji.
Nikaweka kiganja mbele ya feni, nikashtuka:
baridi.
Baridi tamu, ya bure, inapoozea migomba.

"Mbonea, hiki kimegeuka.
Kinachuma joto huku, kinakwenda kulimwaga ndani."
Nikaanza kupiga hesabu ya vali:
kuagiza Dar, siku nne, nauli ya kifurushi,
laki tatu na ushee, na ndani ya ushee ule
ada ya mwanangu.
Ndipo nikauliza, kutimiza wajibu tu,
"Rimoti iko wapi, Bibi?"

Akanyamaza. Akaingia chumbani. Akakawia.
Akarudi nayo imo ndani ya soksi ya sufu,
soksi ya kiume, ya kahawia.
Betri zimeota ukungu wa kijani,
kioo kimefifia kama jicho lenye mtoto wa jicho.
Nikakwangua kwa bisibisi, nikaazima betri za saa ya ukutani
(saa ikasimama, tisa na robo),
kioo kikaamka:
thelathini. Na pembeni, kijua kidogo.

"Aliweka yeye," akasema.
"Julai ya mwaka juzi. Kaanaeli hakuacha kutetemeka,
blanketi tatu, na miguu bado
kama sufuria iliyolala nje.
Mwaka jana wote sikukigusa. Juzi nikakiwashia ukutani.
Sikujua kama kinakumbuka."

"Kinakumbuka, Bibi. Umeme ukirudi
chombo huanzia pale kilipoachwa.
Ndivyo kilivyotengenezwa," nikasema,
kisha nikainama kutafuta bisibisi
iliyokuwa mkononi mwangu.

Ni kazi ya kidole kimoja: jua litoke, theluji iingie.
Kidole changu kilishafika kwenye kitufe.
Nikampa yeye.

Akaishika kwa mikono miwili.
"Kwanza kipulize kidogo," akasema.
Basi tukakaa, watu watatu, Februari, madirisha yamefungwa,
jasho linatutiririka mpaka kwenye viatu,
Mbonea anajipepea kwa kofia,
na hakuna aliyesema kitu.

Hata akabonyeza.
Kompresa ikapumzika kama dakika tatu hivi,
kisha huko nje vali ikagonga, chak,
na majani ya mgomba yakapokea joto lote.

Nikaandika risiti: kusafisha chujio, kutoa mjusi,
elfu kumi na tano.
Betri za saa akakataa nisizirudishe.

Njiani Mbonea akaniuliza,
"Fundi, kwa hiyo mwenye nyumba
tunamuuliza mwisho?"
Nikamwambia ashike ngazi vizuri,
atagonga watu.