Sifuri ya Kwanza

Oulu, saa tatu asubuhi, na bado ni usiku.
Vieno anasoma kitanzi alichokiandika Armas
enzi zile kumbukumbu ilipokuwa haba:
biti moja, hodi; biti ya pili, hodi;
mlango kwa mlango, kama mdai kodi.
Mna mtu? Mna mtu? Mna mtu?

Anakifuta.
Sasa anazibeba sitini na nne kwa mkupuo.
Zote zimejaa? Pita, usibishe.
Kuna pengo? Geuza: moja iwe sifuri, sifuri iwe moja,
kisha iulize chipu, kwa amri moja tu,
sifuri ngapi zimejipanga kuliani
kabla ya moja ya kwanza.
Jibu ndilo namba ya chumba.

Jaribio linaanguka.
Neno la mwisho limevuka ukingo wa ramani,
na huko, nje ya ukuta, kila chumba ni kitupu.
Armas alikuwa ameweka kizuizi, mstari mmoja,
na maelezo: *si kila utupu ni nafasi*.
Anaurudisha, herufi kwa herufi.

Wenzake wanaingia, wanakung'uta theluji, wanatundika makoti.
Kulabu kumi na mbili.
Jicho halihesabu;
linatua papo hapo kwenye ile tupu.