Upande wa Ndani

Nilivifunga katika leso iliyofutika maandishi,
nikaendesha baiskeli hadi Barabara ya Nane, Ngamiani,
kwa Mansukhlal sonara,
ambaye siku hizi anaishi kwa kubadilisha betri za saa.

Kekee moja.
Jebu lililopoteza njuga mbili.
Vikuku vitatu, vyembamba kama mwezi wa kuandama.
Na mtali mmoja. Mwenzake hatujui alikokwenda.

"Unauza?"
"Nauliza."

Shangazi Riziki anasema kekee ilitoka Maskati,
mahari ya bibi wa bibi, ikahesabiwa mbele ya mashahidi.
Mjomba Shekue anasema Pemba,
na kila tukikaa matanga huiongezea ratili.
Hiyo ndiyo wanayoigombea
tangu tumzike Bibi Mwamvua.
Mtali hakuna aliyeutaja. Una rangi ya sufuria.

Sonara akavaa jicho lake la kioo.
Akaigonga kekee kwa ukucha, akaisikiliza.
Akaisugua juu ya jiwe jeusi,
akadondosha tindikali, tone moja tu:
mstari ukageuka kijani
kama maji ya kisima kisichotekwa.

"Shaba," akasema. "Imevishwa nguo nyeupe."

Kisha akaigeuza, akanyamaza
hata nikasikia saa zake zote, kila moja na wakati wake.

"Hii kaifua baba yangu.
Unaona ua hili, lilivyokwaruzwa pembeni?
Kidole gumba chake kilikuwa hakikunji.
Ile ya kweli iliuzwa. Bibi yako akaomba pacha wake,
ili nyumbani wasimwone mkono mtupu."

Nikatazama nje.
Muuza machungwa alikuwa akimenya,
ganda moja refu, halikatiki, linashuka, linashuka.

Fedha. Neno moja, kazi mbili.
Bibi aliitumia ya kwanza
akatuvalia kivuli chake miaka yote ile,
Idi kwa Idi, akikisugua kwa majivu na ndimu
mbele yetu, tuone.

"Na huu?"
Akaupima mtali. Akaupima tena.
Safari hii tone likawa rangi ya maziwa.
"Huu ni reale zilizoyeyushwa. Fedha hasa.
Lakini usitazame nje, nje hakuna kitu.
Tazama ndani."

Ndani, pale chuma kinapolala juu ya ngozi,
mikwaruzo saba, tarakimu za kwao Kachi,
ndogo kama miguu ya sisimizi.

"Namba za rehani," akasema.
"Mara saba uliwekwa hapa.
Mara saba alikuja kuukomboa.
Daftari limeliwa na mchwa, usiniulize shilingi ngapi."

Sikuuliza. Nilikuwa nabahatisha mwenyewe.
Wa tatu, labda godoro la harusi la Shangazi.
Wa tano, labda mguu wa Mjomba
ulipopitiwa na toroli la mkonge.
Wa saba una mwaka pembeni, na mwaka huo naujua:
nilipelekwa bweni Korogwe
na sanduku jipya la bati, na kufuli, na funguo mbili.

Dawa ya deni kulipa, alizoea kusema,
nasi tukidhani anatufunza adabu.
Kumbe alikuwa akihesabu.

Nikampa Mansukhlal hela ya betri moja. Akarudisha nusu.

Nyumbani walikuwa wamekaa ukumbini, chai imepoa.
"Amesemaje?"
Nikasema kekee ni ya kale, kazi ya fundi hodari.
Neno la uongo halikunitoka, wala la kweli halikutoka lote.
Wakaanza upya: Maskati, Pemba, Maskati.
Nikauomba mtali.
Shangazi akacheka, "Chukua sufuria lako."

Usiku huu nimeuvaa. Unabana kidogo;
bibi alikuwa na kifundo chembamba kuliko changu.
Nikiuvua, ngozi inabaki na alama.
Nainamisha taa nizihesabu
na kila nikifika nne
ya kwanza imekwisha kufutika.