Nakala ya Pili

Jina: Dorsila Akelo. Umri: ishirini na sita.
Uzazi: wa nne. Mtoto: wa kike, amelia vizuri.
Damu iliyopotea: hapa kalamu ilisita,
maana fomu yataka mililita
nami nilikuwa nahesabu leso.
Nikaandika: leso tatu, na ya nne yaloa.

Hapa Takawiri mtandao hushika
juu ya jiwe moja nyuma ya zahanati,
jiwe wanalolalia mbuzi wa Odoyo.
Nikawafukuza mbuzi saa nane usiku,
nikapanda, mkono juu kama mwenye kuapa.
Mbita akapokea muuguzi nisiyemjua uso.
Hakuniuliza mbona nimechelewa.
Aliuliza, "Tumbo la uzazi, gumu au laini?"
"Laini."
"Rudi ukalikande. Dereva, maabara, daktari,
hao nitawaamsha mimi. Wewe kanda tu."

Nikakanda.
Nje walichanga petroli kwa chupa za soda.
Mwenye injini akasema haitoshi;
mwenye duka akafungua, akanung'unika, akatoa.
Tulimshusha Dorsila juu ya mlango wa choo,
kwani machela ilikwenda na mgonjwa wa Aprili,
haijarudi.

Magugu yalikuwa yameziba gati.
Wavuvi wa omena wakaacha nyavu,
wakapanga taa zao majini, mistari miwili,
boti ikapita katikati.

Mimi sikupanda.
Kitanda cha pili kilikuwa na Mikal, sentimita nane.
Nilimfunza dada yake Dorsila, maji yakitufika magotini:
kanda hapa, chini ya kitovu,
lia ukitaka, ila mkono usitoke.
Fomu nikaitia kwenye mfuko wa unga.

Chini kabisa pameandikwa: MAJIBU KWA ALIYETUMA.
Miaka kumi na mmoja natuma,
kipande hicho hakirudi.
Habari huzipata sokoni:
nani amepona, nani kaletwa na sanduku.

Jumanne, utingo wa boti ya abiria
akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, yanuka samaki.
"Damu chupa mbili. Mama anakunywa uji.
Dada mtu kiganja kimevimba,
tulimbandua mlangoni mwa chumba cha upasuaji.
Machela yenu tumeiona stoo. Inakuja."

Nikatafuta gundi. Haikuwapo. Nikatumia plasta ya vidonda,
nikaibandika juu ya ratiba ya chanjo.

Mikal alijifungua mvulana, alfajiri.
Mlango wa choo umerudi;
bawaba moja imevunjika, twaushikilia kwa ndani.