Funguo Arobaini na Moja

Funguo arobaini na moja, milango iliyobaki tisa.
Nyingine sijui zilifungua nini.
Wamenipa wiki mbili, maboksi ya khaki, kalamu nene nyeusi:
andika kilichomo, ziba kwa gundi, weka kando ya lifti,
watu wa mnada watakuja Jumatatu na lori.

Nianze na brashi, basi.
Mwaka 1919, hapa hapa Duluth,
Hulda Sandvik, mjane wa mchora mabango,
alirithi ngazi moja, deni la rangi
na barua tatu za wenye maduka wanaotaka majina yao viooni.
Kazi hakuijua. Aliijua mikono ya marehemu tu,
jinsi kidole cha mwisho kilivyoegemea kioo
kama mtu anayetega sikio ukutani.
Akajifunza. Kisha akafundisha,
juu ya duka la mshona matandiko ya farasi:
senti ishirini kwa usiku, njoo na taa yako.
Daftari lake ninalo. Wanafunzi sita,
wawili Wafini wasiojua Kiingereza hata cha kuombea maji.
Walichora herufi wasizoweza kuzisoma
na mji mzima ukazisoma.

Ukingoni ameandika:
S haivutwi kwa mkono, huvutwa kwa pumzi moja.
Ukipumua katikati, futa.

Redio iliingia kwa mlango wa jikoni,
mtambo umeviringishwa blanketi kama mtoto mgonjwa.
Aliuleta Torvald, shemeji yake, mwaka 1934,
njaa imekaa mjini kama mpangaji asiyelipa.
Aliyekosa ada alilipa kwa sauti:
alisoma bei ya ngano, unene wa barafu ziwani,
majina ya wenye barua zao posta.
Ipo santuri moja, ina ufa.
Msichana anasoma hali ya hewa, anakohoa,
anauomba radhi mji mzima, anaendelea.
Jina lake halikuandikwa popote.
Kwenye boksi nimeandika: Aliyekohoa.

Vita. Kurasa nne tupu.

Baadaye wakanunua kiwanda hiki, kilikuwa cha magodoro.
Hata leo ukigonga dari ya chumba cha picha
unyoya mmoja unashuka, polepole, kama una hoja.
Jina nalo likarefuka: Chuo cha Sandvik cha Sanaa na Mawasiliano.
Jina likirefuka, jua wafadhili wameongezeka.

Mwaka wa sabini wanafunzi walizipaka ngazi zote rangi nyeusi.
Kwa nini? Kila niliyemuuliza ana sababu yake.
Mkuu wa chuo akawaamuru wazisugue;
walisugua kutoka chini, wakafika ghorofa ya pili, muhula ukaisha.
Nimezipiga deki miaka kumi na saba:
chini mbao, juu usiku.

Mimi nilikuta kompyuta zimeshafika.
Nilikuta pia meza za kuchorea zikitolewa uani, theluji ikizila.
Profesa Wojcik alikaa juu ya moja, koti wazi,
akamenya ndizi, akaila yote, hakusema neno.

Kuhusu kufungwa, watu wanasema ni bodi, ni madeni, ni vijana kupungua.
Mimi nilijua mapema kuliko bodi:
mapipa ya taka yalikuwa yamekuwa mepesi.

Sasa kimebaki kioo cha dirisha la kwanza,
kimefungwa gunia. Dhahabu imebanduka,
imebaki NDVIK, na kivuli cha kitu mbele yake.
Kwenye droo kuna brashi ya nywele za kindi,
laini bado, mtu amekuwa akiipaka mafuta.
Nani? Si mimi.

Hapa huniita Sii, kwa uvivu wa ulimi.
Naitwa Sihaba.
Nimechovya kwenye wino, nimeegemeza kidole cha mwisho
kwenye boksi la mwisho, nimejaza kifua,
nimeanza kushuka na ule mkunjo wa kwanza.

Nimepumua katikati.
Nafuta.
Chini, lori linapiga honi.