Ncha ya Henza

Jumamosi, saa mbili kasoro, maji yamekupwa Msasani,
boti namba tisa iko mchangani, mlingoti wake mtupu.
Kidawa akanipa tanga, limekunjwa kama shuka la wodini,
akanipa na ncha mbili za kamba moja:
hii ya kuvutia, hii ya kufungia.
"Zote ni henza," akasema,
"lakini hiyo ya pili ukiiachia, utanitafuta."

Fundo nalijua.
Wiki nzima nimelifunga kwenye tendegu la kitanda:
kitanzi, chomoza, zunguka nyuma, rudi ulikotoka, kaza.
Hata Pazi wangu analijua,
analifunga kwenye mkia wa paka wa jirani.

Kichwa cha tanga kina pete ya shaba.
Ncha nilikwisha ipenyeza,
imechungulia upande wa pili kama kidole,
ndipo simu ikatetemeka mfukoni.

Mwenye nyumba.
Miezi sita. Kwa mkupuo. Mwisho Jumatatu.
Nikasoma mara mbili,
kana kwamba tarakimu ukizirudia zinapungua.

Sikuirusha kamba, naapa.
Upepo uliichomoa tu kwenye pete, ukaitikisa,
na ule upande mwingine, mzito, ukaanza kushuka
taratibu, halafu bila aibu,
ncha yangu ikapaa
mita moja, tatu, tano,
ikaenda kukwama kwenye mdomo wa abedari juu kabisa,
imening'inia, nyeusi, imechomwa kiberiti,
inanitazama.

Watoto wa darasa la kwanza la matanga,
wote na majaketi yao ya machungwa, wakatazama juu.
Kisha wakanitazama mimi.
Mmoja akauliza, "Anko, sasa utapanda?"

Mlingoti mwembamba kama muwa. Nani apande?

Kidawa alikuja na chai yake mkononi.
Nilingoja maneno. Hakuwa nayo.
Akaweka kikombe mchangani, akakichimbia kidogo kisimwagike,
akashika ubavu wa boti, akaniambia shika huku,
tukaiinamisha
polepole, kama unavyomgeuza mgonjwa,
mpaka kilele kikashuka usawa wa kifua chake.
Akaichomoa ncha kwa vidole viwili.
"Kisichopandika," akasema, "kilaze."
Akaenda kuchukua chai.

Nililifunga fundo nikiwa nimepiga magoti.
Kitanzi, chomoza, zunguka nyuma, rudi ulikotoka.
Nikakaza kwa meno, ingawa haikuhitajika.
Tukaisimamisha boti, nikavuta,
na tanga likapanda likipiga makofi
mpaka likajaa, likanyamaza.

Kodi ilikuwa palepale mfukoni.
Nikaitoa simu, nikaandika kwa dole gumba:
Mzee, miezi sita siifikii.
Pokea miwili sasa, hiyo minne tuilaze kwanza.

Mkono wa kulia ulikuwa unaandika.
Wa kushoto, niliutazama,
bado umeshika kamba.